Konokono Ishirini wa Uani Kwangu

Nianze kwa kukiri kabisa, kwa sababu wengi wenu mmeisikia kwa watu wa gereji na mmeisikia vibaya: ni kweli, mimi ndiye niliyetembezwa kwenye bustani za mboga za Mvumi mchana kweupe, mtendaji wa kata upande mmoja, mtafiti kutoka Morogoro upande wa pili, kikundi kizima cha akina mama nyuma, mama mkwe wangu akiwa mmoja wao, nikashindwa kuonyesha mahali nilipookota konokono. Si kweli kwamba nililia (lilikuwa jua, na mimi jua hunitoa machozi tangu utotoni). Nasimulia leo mara moja, mwanzo mpaka mwisho, halafu naomba mniache nipumzike, maana nimechoka kuitwa Mzee Konokono na madereva wa malori ambao hata jina langu hawalijui.

Jina langu ni Rajabu. Naishi Mikumi, nyuma ya gereji za kando ya barabara kuu, mimi na mke wangu Zena na binti yetu Tunu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka miwili na nusu. Babu yangu alikuja Kilosa kukata mkonge, baba yangu akafanya kazi reli, na mimi nikaishia kuokota konokono, kwa hiyo mnaona wenyewe ukoo wetu unavyopanda.

Kazi hiyo nilipewa na Dokta Prisca, mtafiti, mama mmoja mpole mwenye sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri wiki nzima. Alikuwa anatafuta mtu mwenye pikipiki, anayezijua njia za wilaya, na asiyeona kinyaa kushika konokono. Mimi kinyaa nilikuwa nacho, lakini hakuniuliza kwa kunitazama usoni, nikasema sina.

Kazi yenyewe ni hivi. Konokono wa nchi kavu, hawa wakubwa wenye nyumba ya kahawia mgongoni, hahami. Anazaliwa hapo, anakula majani na udongo wa hapohapo, anafia hapo, na kama ardhi ile ina madini mabaya (risasi, ile iliyomo kwenye betri za magari, au kadimi, au mengine ambayo majina yake nilikuwa nayataja kwa madaha bila kuyajua) basi yanaingia mwilini mwake na kubaki humo. Ukimkausha, ukamsaga na kumpitisha kwenye mashine, utajua ardhi yake imebeba nini bila kumuuliza mtu yeyote. Tuliokota kando ya barabara kuu Mikumi, tukaokota kwenye miwa kule Ruaha, halafu tukahitaji pahali pasafi pa kulinganishia, mbali na malori na gereji, na Dokta akachagua Mvumi. Konokono ishirini kila mahali, kila kundi na ndoo yake, na juu ya ndoo karatasi yenye jina la mahali, tarehe, na saini ya aliyeokota. Saini hiyo ilikuwa yangu. Kila kijiji tulichopita mimi ndiye niliyesimama kueleza watu, na nilikuwa na msemo wangu niliojitungia kwamba konokono ni shahidi asiyehongeka, watu wanacheka, Dokta anatabasamu kidogo, na mimi najiona profesa.

Sasa kuna sharti moja la kazi hii ambalo ndilo lililoniponza. Ukishawaokota huruhusiwi kuwapeleka maabara palepale, ni lazima wafunge siku mbili, wasile kitu, mpaka uchafu wote wa tumboni uwatoke, la sivyo mashine itapima udongo waliomeza badala ya kupima miili yao. Kwa hiyo konokono wangu wa Mvumi, niliowaokota asubuhi mbili mfululizo mwishoni mwa mvua, ilibidi wapate mahali pa kufungia. Na pale Mvumi nina mahali pamoja tu, kwa mama mkwe.

Mama Zena, ndivyo wanavyomwita wote pale, ni mjane, ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa mboga, na ni mtu ambaye akikohoa kikundi kizima kinaacha kuongea. Mchicha, bamia, nyanya chungu, chainizi, yote yanayotoka kwenye lile bonde na kwenda soko la Kilosa yanapita chini ya jicho lake. Mimi na yeye tunaheshimiana sana, na heshima yetu ni ile ya kizamani: hatutazamani usoni, hatuli sahani moja, akinipigia simu anampigia Zena, na jikoni kwake mimi siingii hata paungue (nitaita majirani). Na jikoni kwake ndipo palipokuwa na ubaridi, kwenye ile kona ya mitungi. Kwa hiyo nilisimama nje, nikawatazama kuku wake, nikasema yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hamjambo huko? Mjukuu wangu hajambo?"

"Hatujambo mama. Naomba ndoo hii ikae hapo kwako penye ubaridi, siku mbili tu. Ila wasipewe chakula."

"Wasile kabisa?"

"Wasile kabisa mama."

"Haya baba. Ondoa shaka."

Nikaondoa shaka kweli, nikapanda pikipiki nikaenda zangu Kilosa mjini. Nisichokifikiria, na hapo ningetaka mtu anieleze akili yangu ilikuwa wapi, ni kwamba mama yule amepigana na konokono maisha yake yote. Kila alfajiri anawatoa kwenye mchicha, anazungushia majivu kwenye matuta, anawalaani kwa majina. Halafu anamwona mkwe wake anakuja kutoka mbali, anawakusanya ishirini ndani ya ndoo, anafunga kifuniko na kuagiza wasile. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa nini?

Siku ya tatu asubuhi nikarudi. Ndoo ilikuwa nje tayari, imefunikwa kwa kitambaa kisafi, na Mama Zena amesimama pembeni anatazama chini kwa adabu lakini uso umechangamka.

"Baba, nimekusaidia," akasema. "Naona ulikuwa unawaua kwa njaa. Hao ungewangoja mwezi mzima. Jana nimewatia chumvi ya kutosha, wamekwisha wote."

Nikafunua kitambaa. Sitaeleza sana, wengine hapa mnakula. Ilikuwa povu, povu la njano mpaka nusu ya ndoo, na nyumba zao zikiwa zimeelea humo kama vitumbua vilivyoshindikana. Kazi ya asubuhi mbili, na kundi zima la kulinganishia. Mtu mwingine yeyote ningemwambia, jamani, hukuelewa, si kosa lako, lakini umeniharibia. Lakini huyu ni mama aliyenipa mke, amesimama mbele yangu anangoja neno, na mimi nikatazama kuku, nikasema:

"Asante mama. Umefanya la maana sana."

Hilo la pili hata halikuhitajika. Niliongeza tu, sijui kwa nini, nadhani nilipoanza kudanganya nikaona nifanye vizuri.

Nilijaribu kuokota wengine siku hiyohiyo, msiniambie sikujaribu. Lakini mvua ilikuwa imekatika, na konokono mvua ikikatika anajifungia ndani ya nyumba yake kwa utando mweupe, anazama ardhini, humwoni tena. Nilichimba mpaka saa sita nikapata wawili, na mzee mmoja akasimama juu yangu akaniuliza kwa upole kama nina kitu nilichokizika hapo. Na kumwambia Dokta ukweli ilikuwa na maana ya kuandika. Ana fomu, ile ya sampuli zilizoharibika, ina sehemu ya sababu na sehemu ya jina la aliyehusika. Nikajiona naandika jina la mama mkwe wangu kwenye ile fomu, na Dokta (ninavyomjua alivyo makini) anaenda kumhoji. Nikashindwa. Nikaiosha ndoo mtoni, karatasi ikiwa bado imebandikwa juu yake, imeandikwa Mvumi kwa mwandiko wangu mzuri, nikarudi Mikumi.

Asubuhi yake nimetoka uani kunawa uso, nikawaona. Kwenye ukuta, chini ya karo, kwenye mchicha wa Zena, wanene, wametulia, wanatembea kiangazi kikiwa kimeanza kana kwamba tangazo halijawafikia. Sababu yake niliijua: nyuma ya ukuta wetu kuna Fundi Mosi, anafufua betri za malori, anazipasua na kuosha vyuma vyake, na maji yake yanapita chini ya ukuta mwaka mzima, uani kwetu hapakauki. Zena aliyapenda maji hayo kwa sababu mchicha wetu ulikuwa haukosekani. Basi nikaokota ishirini kabla chai haijachemka. Nikajiambia konokono ni konokono. Na nikawafungisha siku mbili kamili, hawakula kitu, nikawabadilishia kitambaa kila asubuhi kama inavyotakiwa, yaani udanganyifu wangu ulifuata kanuni zote za kitaalamu. Ndoo ikaenda Morogoro, mimi nikalala usingizi mzuri, na nikasahau.

Ikapita miezi kadhaa. Siku moja nipo gereji nabadilisha cheni, simu ikalia.

"Rajabu," akasema Dokta Prisca kwa sauti yake ileile ya uchovu, "kule Mvumi kuna nini?"

"Kuna mboga, Dokta."

"Risasi ya Mvumi imezidi ya barabarani Mikumi. Imezidi mbali sana."

Cheni ikaniponyoka. Nikamwambia labda mashine. Akasema amerudia mara mbili. Nikamwambia labda upepo. Nikamwambia labda ndege (ndiyo, nilisema ndege, na mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nasikia aibu mpaka kwenye visigino). Akasema atakwenda mwenyewe na kuchimba udongo, baada ya wiki tatu, akimaliza kazi nyingine aliyonayo, na kwamba watu wanakula mboga zile kwa hiyo hawezi kukaa kimya, itabidi amdokeze mtendaji wa kata, kimyakimya, bila kuwatia watu hofu.

Mtendaji naye alimwambia mkewe tu, kimyakimya. Kabla ya Ijumaa wachuuzi wa soko la Kilosa walikuwa wanauliza, "Mboga hii ya wapi?" na ukisema Mvumi wanarudisha fungu chini na kufuta mikono kwenye nguo. Baadhi ya akina mama wakaanza kusema ni ya kwingine, wakaumbuliwa. Na mchicha si mahindi, haungoji majibu ya maabara, ukikataliwa asubuhi mchana umenyauka, jioni unawapa bata. Akina mama wale ndiyo maisha yao yote, ada za shule, dawa, sare, hawana kingine. Zena akawa analia na simu, mama yake anamsimulia matenga ya mboga yalivyorudi, na mimi nimekaa pembeni natengeneza redio ambayo haijaharibika.

Halafu siku moja simu yangu mwenyewe ikaita, jina limeandikwa Mama Mkwe, namba ambayo katika miaka minane haijawahi kunipigia. Nikasimama kabla ya kupokea.

"Baba," akasema, "hao wadudu wewe ndiye unayewajua. Watu wanatuona wachafu. Njoo siku ya huo mkutano wa Dokta na mtendaji utusemee."

"Nitakuja mama."

"Mungu akubariki baba."

Ningemwambia pale pale. Simu haina uso, hakuna wa kutazama wala wa kutotazama, ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote. Badala yake nikazitumia zile wiki tatu kutafuta njia ya kupenya. Kwanza nikapanga kusema ndoo zilibadilishwa huko maabara, nikaona nitamfukuzisha mtu kazi. Halafu nikapanga kuumwa, nikaanza kukohoa siku nne kabla ili watu wazoee, Zena akanichemshia tangawizi, nikainywa na kikohozi kikanishinda kukiendeleza. Kila siku nilikuwa nafikiria uso wangu tu, utakavyoonekana, nani atacheka, nani atamsimulia nani.

Mkutano ukafanyika kwenye ghala la mazao, lilikuwa tupu wakati huo, watu wamekaa juu ya magunia yaliyokunjwa. Mtendaji akafungua kwa kusema mboga zote za bonde lile zisitoke mpaka udongo upimwe, na ikibidi zing'olewe, na watu wakaguna guno moja refu. Dokta akaeleza taratibu, akasema risasi haina rangi wala harufu, inamdhuru kila mtu lakini zaidi watoto wadogo, inawakaa mwilini na kuwadumaza akili, ndiyo maana hakuthubutu kunyamaza. Nilikuwa natikisa kichwa kukubaliana naye kama mtu wa meza kuu. Kisha akanigeukia.

"Rajabu ndiye aliyewaokota. Atatuonyesha mahali hasa, tuchimbe hapo hapo."

Hilo sikulipangia. Katika wiki tatu nilikuwa nimetunga majibu ya maswali yote isipokuwa hilo. Tukatoka ghalani, kundi zima, tukashuka bondeni, na mimi mbele nikielekea nisikokujua. Nikafika kwenye tuta la kwanza la chainizi, nikainua kidole.

"Pale?" akauliza mtendaji.

"Kwangu?" mama mmoja akapiga kelele. "Kwangu mimi? Wewe baba umeniona lini? Konokono wa kwangu wana risasi?"

Nikashusha kidole. Nikasema samahani, ilikuwa mbele kidogo. Mbele kidogo palikuwa na bamia za mama mwingine, yeye alijishika kiuno tu na kusimama mbele ya bamia zake, nikapita. Nikaonyesha mferejini, nikaambiwa mfereji huo wananyweshea wote, ninataka kuwaua wote? Nikaonyesha njia, kwa kuwa njia haina mwenyewe, wakasema njia hii inakwenda kisimani. Popote nilipoinua mkono nilikuwa namhukumu mtu. Dokta alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuipenda, si kwa hasira, kwa makini, kama anavyotazama ndoo ambayo kifuniko hakikufungwa sawasawa. Na nyuma watu wakaanza kucheka, kicheko cha kuchoka na jua, mtu akasema, "Anatafuta konokono au anatafuta choo?"

Mwishoni kabisa mwa bustani pana migomba mitatu na tuta refu la mchicha. Hakukuwa na mbele tena. Nikasema, "Hapa."

Kicheko kikakatika. Wote wakageuka kumtazama Mama Zena, kwa sababu mchicha ule ni wake. Mwenyekiti wao, anayewapa wenzake mbegu, anayewafokea wakivuna vibaya. Mama mmoja akajivuta hatua moja kutoka aliposimama naye, hatua ndogo tu, na hiyo hatua ndiyo iliyonimaliza. Mama Zena mwenyewe hakunitetea wala hakujitetea. Alivuta khanga yake begani akatazama chini, akangoja Dokta aanze kuchimba.

"Si hapa," nikasema.

"Rajabu, ni wapi sasa?" akauliza Dokta.

"Si Mvumi kabisa. Mvumi hamna kitu. Hao konokono nilipeleka wa Mikumi."

Nikasema yote. Ninavyosema sasa, bila mpango, sentensi zinagongana. Kwamba nilikosa wa Mvumi, nikawatoa uani kwangu, nikaacha karatasi ileile juu ya ndoo. Dokta akaketi kwenye ukingo wa mfereji, akavua kofia.

"Karatasi uliandika wewe?"

"Mimi."

"Saini?"

"Yangu."

"Na wale wa hapa ulioniambia umewapata, walikwenda wapi?"

"Walikufa."

"Ishirini? Kwa siku mbili?"

"Joto, Dokta." (Bado. Bado nilikuwa natafuta mlango.)

"Joto gani?" Ilikuwa sauti ya Mama Zena. "Niliwatia chumvi mimi. Aliniletea jikoni wamefungiwa, wasile, nikajua anawaua, nikamalizia. Na akaniambia asante."

Hapo ndipo watu walipocheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtendaji akageuka kando mabega yanamtikisika. Mama wa chainizi akawa anarudia, "Akasema asante! Umefanya la maana!" (kumbe mama mkwe alishawasimulia siku ileile jinsi mkwe wake alivyomshukuru, alijivunia). Mimi nimesimama katikati, jua linanitoa yale machozi niliyowaambia, na pamoja na aibu yote nilikuwa nasikia unafuu, kwa sababu mboga zimepona, mama mkwe amepona, na mimi nitakuwa kichekesho tu, na kichekesho hakiui.

Lakini Mama Zena hakuwa anacheka.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hao wenye sumu ni wa uani kwako?"

"Ndiyo mama."

"Kwenye mchicha wa Zena?"

"Ndiyo mama."

Akainua uso akanitazama machoni. Miaka minane, sikuwahi kujua kwamba macho yake na ya Zena ni yaleyale.

"Na Tunu anakula mchicha wa wapi?"

Jibu hakulingoja. Alimwambia Dokta aendelee kuchimba popote anapotaka, kwake aanze, akang'oa mchicha mikono miwili akaufunga kwenye khanga, akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki yangu na kupanda. Mama mkwe kwenye pikipiki ya mkwe, nyuma ya mgongo wangu, jambo ambalo kwetu halijaonekana. Aliweka lile furushi la mchicha katikati yetu kwa ajili ya heshima, tukaenda hivyo kutoka Mvumi mpaka Mikumi, njia yote ile ya vumbi.

Mengine nayasema kwa kifupi. Udongo wa Mvumi ulipimwa ukaonekana safi, mtendaji akazunguka soko zima la Kilosa na karatasi mkononi, wachuuzi wakarudi taratibu. Dokta hakunifukuza. Alisema ndoo nitabeba, pikipiki nitaendesha, ila kuandika karatasi za juu ya ndoo basi, na kila nikimwona anaandika yeye, na uchovu wake ule, naona ni haki. Yeye ndiye aliyetutafutia pa kumpima Tunu damu. Risasi ilikuwemo. Si ya kulazwa, daktari alisema, ila ipo, aondolewe pale haraka, ale vizuri, na apimwe tena. Zena na Tunu wako Mvumi tangu siku hizo. Fundi Mosi nilimweleza mwenyewe, nikidhani atagomba, akatazama mikono yake, halafu akaniuliza na yeye apime wapi.

Kuna watu wananipoza kwa kusema, "Wewe Rajabu, uongo wako ndio uliomwokoa mtoto, ungesema ukweli usingejua." Nawaacha waseme. Mimi nimeapa, nikiharibu kitu nitasema siku hiyohiyo, awe mkwe, awe mtendaji, awe nani, na wanaonicheka wacheke wakiwa wanajua kila kitu. Na naapa hivyo kwa sababu wao hawakuwepo tulipofika Mikumi siku ile. Mama mkwe alipitiliza uani, akainama na kuanza kung'oa mchicha kwa mizizi, tuta baada ya tuta, bila kusalimia. Zena alitoka nje, nikamweleza nikiwa nimempakata Tunu. Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Aliniuliza swali moja tu, majibu ya hao konokono yalitoka lini, maana mimi peke yangu katika dunia nzima ndiye niliyekuwa najua wanatoka kwenye sahani yetu.

"Wiki tatu zilizopita," nikasema.

Zena akamchukua Tunu kutoka mikononi mwangu, akaenda kumnawisha mikono.